Ukingo wa Jani: Namna ya Kusoma Joto la Asia ya Kale Ukianzia Msitu wa Ngezi

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanafunzi wangu Ngezi, msitu wa hapa kwetu Pemba, kukisia joto kwa kuhesabu aina za majani yenye meno ukingoni na zisizo na meno, hesabu yetu ilitoa jibu kwamba wastani wa joto la Pemba ni nyuzi 17. Tulikuwa tumekaa kitako chini ya mvule, mashati yametuganda mgongoni kwa jasho, na daftari linatuambia tuko kwenye baridi ya milima ya Usambara. Nilijua tumekosea, na nilijua tumekosea kwa kiasi gani, maana joto la kwetu halinihitaji kulitafuta mbali: kwa mwaka mzima wastani wake ni kama nyuzi 26.

Kosa lile ndilo lililonifundisha kazi hii, kwa hiyo ndilo nimelitanguliza. Mimi ni mwalimu wa biolojia kwenye skuli moja ya kaskazini ya Pemba. Kila mwaka huulizwa swali lile lile: maalim, wamejuaje kuwa jangwa la India liliwahi kuwa msitu, na hakuna aliyekuwepo kuona? Zamani nilikuwa nikijibu kwa maneno. Siku hizi nawapa magazeti ya zamani na penseli, tunakwenda msituni.

Njia ziko nyingi za kuijua hali ya hewa ya kale ya Asia. Wapo wanaokata mawe yanayoning'inia na kuchomoza mapangoni, kama yale ya pango la Mawmluh kule Meghalaya, wakasoma mvua za maelfu ya miaka. Wapo wanaotoboa barafu ya milimani, na wapo wanaosoma tabaka za vumbi lililorundikana kaskazini ya China. Njia ya majani naipenda kuliko zote kwa sababu mtu anaweza kuijaribu kwa mikono yake, mahali anapolijua jibu, kabla ya kuamini jibu la mahali asipopajua. Mwenye mizani ya karafuu huijaribu kwanza kwa jiwe la kilo analolijua uzito wake, ndipo apime gunia la mtu. Nasi jiwe letu la kilo ni Ngezi.

Kwa nini Asia, na sisi tuko Pemba

Sisi tunasema kaskazi na kusi. Vitabuni zinaitwa pepo za monsuni, na ni zile zile. Kaskazi inaanza kushika mwezi wa Disemba, wakati bara la Asia limepoa, na ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi ya Kutch, Omani na Ghuba mpaka bandari zetu. Kusi inavuma kuanzia Aprili hivi, inapita pwani yetu, inavuka ikweta, halafu inapinda kuelekea India. Mvua inayomnyeshea mkulima wa India kuanzia Juni imebebwa na upepo uliotupitia sisi. Kwa hiyo mtu akiuliza monsuni ya Asia ina umri gani, na Himalaya ilipoinuka ilibadilika vipi, anauliza habari za upepo uliomleta babu wa babu yake.

Na Asia imo msituni mwetu. Popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye uso kama wa mbweha, bara la Afrika huwapati jamaa zake wa jenasi moja. Wako Mafia, Komoro, Madagaska, halafu unavuka bahari mpaka India na visiwa vya mashariki huko. Ukiwa Ngezi jioni wakaanza kuruka, unatazama wanyama ambao ukoo wao ni wa upande wa pili wa bahari.

Jambo lenyewe

Mwaka 1915 Wamarekani wawili, Irving Bailey na Edmund Sinnott, waliandika kwamba miti ya nchi za joto lenye mvua kwa sehemu kubwa ina majani yenye ukingo laini, na kadiri unavyokwenda kwenye baridi, aina za miti zenye majani ya meno zinaongezeka. Maelezo mojawapo ya sababu ni haya: kwenye baridi msimu wa kukua ni mfupi, na meno ya jani changa huanza kazi mapema, yanavuta maji na kutengeneza chakula kabla jani zima halijakomaa. Meno yana gharama yake, kwani hupoteza maji. Mti wa nchi yenye joto mwaka mzima hauna haraka hiyo, basi hauna haja ya kulipa gharama hiyo.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa kipimo ni Jack Wolfe, mwaka 1979, na misitu aliyoitumia ni ya Asia ya mashariki. Alianzia misitu ya tropiki kusini akapanda mpaka misitu ya baridi ya kaskazini, akilinganisha sehemu ya aina zenye ukingo laini na joto la kila mahali. Mwaka 1993 Scott Wing na David Greenwood walizitumia takwimu hizo kutoa mlinganyo ambao mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuukokotoa:

Wastani wa joto la mwaka = 30.6 × P + 1.14

P ni sehemu ya aina za miti zenye ukingo laini, katika desimali. Nusu ya aina zikiwa laini, P ni 0.5. Kwa kukisia haraka bila kikokotoo, kila asilimia 10 ya ukingo laini ni kama nyuzi 3.

Kujiandaa

Unahitaji magazeti ya zamani, vipande viwili vya mbao au maboksi magumu, kamba, penseli, daftari, na lenzi ya kukuzia. Kama lenzi huna, kamera ya simu inatosha kabisa. Pita ofisi ya msitu getini, eleza unachokwenda kufanya, na uombe mlinzi au mzee wa kijiji anayeijua miti. Huyu ndiye muhimu kuliko lenzi. Kazi yote inasimama juu ya kutofautisha aina na aina, na mzee wa Konde aliyekata miti ya majahazi ujanani mwake anazitofautisha akiwa bado yuko hatua kumi nyuma.

Usivunje matawi. Okota majani yaliyoanguka. Hilo ni sharti la msitu, lakini pia ndiyo njia sahihi, kwa sababu visukuku vya majani, yaani alama za majani ya kale zilizobaki kwenye mawe, ni majani yaliyoanguka: jani limedondoka, upepo au mto umelichukua, limetua kwenye maji yaliyotulia, tope laini likalifunika. Ukiokota chini unafanya kile kile ambacho ziwa la kale lilifanya.

Sasa, kipi kinahesabiwa na kipi kinaachwa. Hesabu miti, vichaka na kamba za msituni zenye shina gumu. Acha nyasi, majani ya bustanini, migomba, mikadi na jamii yote ya minazi na mikoche. Mishipa ya majani yao inakwenda sambamba na hesabu hii haiwahusu. Mpapindi, mti mwembamba wa Ngezi wa jamii hiyo ambao asili yake ni Pemba peke yake, unauma kuuacha, lakini uache. Tutaurudia. Acha pia miti iliyopandwa na watu. Mkarafuu umetoka visiwa vya Maluku, mwembe na mfenesi vimetoka Asia, mkorosho umetoka Amerika. Hiyo haikuchaguliwa na hewa ya Pemba, imechaguliwa na wakulima.

Lakini kwa kujifunzia, miti ya uani ndiyo mwalimu mzuri. Anza nayo nyumbani kabla hujafika msituni.

Kusoma ukingo

Chukua jani la mkarafuu. Pitisha ukucha wa kidole gumba polepole kwenye ukingo wake, kutoka kwenye kikonyo mpaka nchani. Ukucha unateleza kama unapita kwenye mdomo wa kikombe. Sasa chukua kijani kimoja cha mwarobaini, kimoja tu katika vile vingi vilivyopangana kwenye kikonyo, ufanye vivyo hivyo. Ukucha unakwama, unaruka, unakwama tena. Hayo ni meno. Jaribu na jani la mwaridi, meno yake ni madogo na makali zaidi. Fanya hivi na majani kumi ya uani mpaka kidole kizoee, kwa sababu kidole hukosea mara chache kuliko jicho.

Jani la mwembe litakuhadaa. Ukingo wake una mawimbi, unapanda na kushuka kama shuka iliyoanikwa, lakini ukucha hauruki. Hilo ni laini. Jani la mshelisheli nalo limekatika vidole vikubwa vikubwa. Vidole si meno. Angalia ukingo wa kila kidole chenyewe: ni laini, basi mshelisheli ni laini.

Usiseme mwarobaini una meno, basi umetoka nchi ya baridi. Umetoka India, na huko jua linawaka. Mti mmoja hausemi kitu. Kinachosema ni wingi wa aina kwa pamoja, kama vile huwezi kuijua hali ya soko kwa kumuuliza muuzaji mmoja.

Sasa lile kosa la nyuzi 17. Tulikusanya majani ya aina 25, na vijana wakagawana kuyaandika. Aina karibu nusu ziliandikwa "meno". Niliporudi nyumbani usiku ule nilifungua magazeti yote chini ya taa, nikaanza upya jani baada ya jani. Jani la nne nililoliinua kwenye mwanga lilikuwa na mapengo manne upande mmoja na hakuna hata moja upande wa pili. Nilisogeza lenzi. Kwenye pengo, mshipa ulikuwa unakuja vizuri kutoka katikati ya jani, halafu umekatwa ghafla, kama barabara iliyoliwa na mvua. Na kuzunguka pengo lote kulikuwa na ukanda mwembamba wa kahawia, mgumu, umevimba kidogo. Kovu. Lile jani lilikuwa limeliwa na kiwavi likiwa hai, likajitibu.

Tangu siku hiyo sikubali neno "meno" daftarini mpaka mwanafunzi anionyeshe mambo matatu. La kwanza, mshipa unaingia kwenye jino au unafika karibu na ncha yake. Jino ni sehemu ya jani, lina maji yake. La pili, meno yanafanana na yamepangana, mara nyingi yameelekea nchani mwa jani. Mdudu hang'ati kwa vipimo. La tatu, hakuna kovu ukingoni. Tulipoyachuja majani yale kwa mambo hayo matatu, "meno" yalipungua sana na hesabu ikapanda mpaka mahali ambapo mtu wa Pemba anapatambua.

Kovu lenyewe usilitupe, liandike pembeni. Wanaosoma visukuku huyatafuta makovu hayo hayo kwenye mawe, kwa sababu yanaonyesha kuwa jani liliumwa likiwa bado mtini, na wadudu nao ni habari ya msitu.

Na kuna mvule. Mvule mchanga, ule uliokuja juu juzi, majani yake yana meno na yanakwaruza. Mti mkubwa majani yake ni laini. Ukiokota ya aina zote mbili, kanuni inasema aina moja yenye ukingo wa namna mbili huhesabiwa nusu, yaani 0.5. Wanafunzi wangu hubishana sana hapo, wengine wanataka mvule mkubwa tu ndio uhesabiwe. Mimi nawaambia wafikirie tope la ziwa: tope halijui lipi limetoka kwa mtoto na lipi kwa mzee. Wewe uliyekuwepo msituni ukitaka kuutumia ujuzi wako, tumia ya miti iliyokomaa peke yake, lakini andika kwamba umefanya hivyo.

Kuhesabu

Hesabu aina, usihesabu majani. Majani mia ya mtondoo ni aina moja. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, hasa ukipita chini ya mti mkubwa uliojaza majani chini.

Chukua mfano wa aina 25, 20 zikiwa laini na 5 zina meno. P ni 20 gawanya kwa 25, yaani 0.8. Mara 30.6 unapata 24.48, ongeza 1.14, unapata nyuzi 25.6. Ni karibu na joto letu.

Usiishie hapo. Aina 25 ni chache, na bahati ya kuokota ina sehemu yake. Ili kuijua, zidisha P kwa kilichobaki mpaka 1, gawanya kwa idadi ya aina, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 30.6. Kwa mfano wetu: 0.8 mara 0.2 ni 0.16, gawanya kwa 25 ni 0.0064, kipeuo chake cha pili ni 0.08, mara 30.6 ni 2.4. Basi jibu kamili ni nyuzi 25.6, kuongeza au kupunguza 2.4. Mlinganyo wenyewe pia una kosa lake la kama nyuzi 2, hata ukiokota aina nyingi. Ukiwa na aina chini ya 20, jibu lako halina uzito, rudi msituni.

Angalia pia umeokota wapi. Ukingoni mwa vijito na kwenye majimaji aina zenye meno huwa nyingi kuliko msitu wa juu kidogo, kwa hiyo hesabu ya pale hushuka na mahali huonekana pa baridi kuliko palivyo. Ngezi ina majimaji tele. Na ziwa la kale nalo limepokea zaidi majani ya miti ya ukingoni mwake, basi kasoro hii ipo na kwenye visukuku, na anayevisoma lazima aikumbuke. Hata mlinganyo si mmoja kwa dunia nzima: watafiti wa China walitoa wa kwao mwaka 2010 kutokana na misitu ya nchi yao, na umetofautiana kidogo na huu.

Tengeneza kisukuku chako

Hii ndiyo sehemu ambayo wanafunzi wangu huipenda, na ndiyo inayoonyesha ugumu wa kazi. Chukua udongo wa ufinyanzi, uchuje kwa kitambaa upate ulio laini kabisa, utandaze kwenye sahani unene wa kidole. Laza jani upande wa chini ukiwa umegusa udongo, maana mishipa imejitokeza upande huo. Funika na tabaka jingine, kandamiza kwa kiganja, acha kivulini siku tatu au nne. Pasua kwa kisu kwa upole.

Utaona mishipa mikubwa, utaona umbo. Meno makubwa yatabaki. Meno madogo ya mwaridi huenda yakabaki upande mmoja yakapotea upande wa pili, pale udongo ulipokuwa na mchanga. Ncha ya jani mara nyingi inakatika. Sasa mpe mwenzako ambaye hakuliona jani, akuandikie laini au meno. Mwaka mmoja niliwapa kundi la pili vigae kumi na viwili vya kundi la kwanza, na vitatu vilibishaniwa mpaka kengele ikalia. Hapo mwanafunzi anaelewa kwa nini mtafiti anataka vipande vingi vya jani lile lile kabla ya kusema.

Mvua nayo

Ukingo unasema joto. Mvua inasemwa na ukubwa. Penye mvua nyingi majani huwa mapana, penye ukavu huwa madogo, maana jani pana juani bila maji litakauka. Huhitaji kwenda mbali kuliona. Okota majani Ngezi, halafu panda gari uende Micheweni, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe ambako udongo ni mwembamba na maji yanapotelea chini, uokote vichakani. Yapange pamoja sakafuni. Mawingu ya sehemu hizo mbili ni karibu yale yale, lakini majani yametofautiana wazi, kwa sababu mmea hauhesabu mvua iliyonyesha, unahesabu maji uliyoyapata. Tazama pia ncha: majani mengi ya msitu wa mvua yana ncha ndefu nyembamba ya kudondoshea maji.

Kuanzia hapo wataalamu walipanua kazi. Wolfe alifikia kutumia alama 31 za jani kwa pamoja: meno, ukubwa, umbo la ncha, umbo la tako, na nyinginezo, kompyuta ikalinganisha na misitu hai duniani ili itoe joto la mwaka, joto la mwezi wa baridi kabisa, na mvua ya misimu. Njia hiyo ndiyo iliyotumika kwa majani ya mgodi wa Gurha, Rajasthan, karibu na Bikaner. Leo hapo ni jangwa la Thar, ngamia na mchanga. Ndani ya mgodi, katikati ya makaa machanga ya kahawia, yamo majani ya zaidi ya miaka milioni 50, ya wakati India ilikuwa bado inasafiri kuelekea kaskazini na sehemu ile ilikuwa karibu zaidi na ikweta. Kazi iliyotoka mwaka 2014 ilionyesha joto la nchi za ikweta na misimu ya mvua na ukavu iliyopishana kwa namna ya monsuni. Himalaya ya leo ilikuwa haijasimama. Nilipowasomea wanafunzi habari hiyo, mmoja wao, mtoto wa mvuvi, aliuliza: basi kusi ni ya zamani kuliko milima? Nilimwambia aliandike swali lake kama lilivyo, kwa sababu ndilo swali linalowashughulisha wataalamu wenyewe.

Mpapindi unarudi

Tuliuacha mpapindi kwa sababu hauna ukingo wa kuhesabika. Lakini jamii ya minazi ni kipimo cha aina nyingine. Kwa kawaida shina la mti wa jamii hiyo lina moyo mmoja juu, na mkulima wa Pemba anajua: mdudu akiutoboa moyo wa mnazi, mnazi umekwisha. Barafu inafanya kama mdudu. Ndiyo sababu hii jamii haikai mahali ambapo majira ya baridi yanagandisha sana.

Sasa, katika bonde la Lunpola, katikati ya uwanda wa juu wa Tibet, zaidi ya mita 4,500 juu ya bahari, palipatikana majani makubwa ya jamii hiyo, yenye zaidi ya miaka milioni 20, yakatangazwa mwaka 2019 kwa jina Sabalites tibetensis. Leo pale hakuna hata mti wa kivuli. Ukipanda kilomita 1 joto hushuka kama nyuzi 5 hadi 6, kwa hiyo hesabu ni ya kidato cha pili tena: hata ukikubali kuwa dunia ya wakati ule ilikuwa na joto zaidi, mti ule usingeishi kwenye kimo cha leo. Ardhi ile ilikuwa chini zaidi. Jani moja limepima joto na kimo cha ardhi kwa pamoja.

Njia hii ya kuwatumia jamaa walio hai ilipangwa vizuri na Volker Mosbrugger na Torsten Utescher mwaka 1997. Ifanye kama unavyopanga siku ya harusi. Huyu ana nafasi kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu, yule Jumamosi mpaka Jumatano, wa tatu Alhamisi mpaka Jumapili. Siku inayowafaa wote ni Jumamosi na Jumapili. Vivyo hivyo kila mmea uliotambuliwa kwenye tabaka moja unaandikiwa joto ambalo jamaa yake wa leo anavumilia, kutoka chini mpaka juu, na pale wote wanapokutana ndipo joto la kale lilipokuwa. Ukiwa na mimea mitano nafasi ni pana, ukiwa na hamsini inabana. Hatari yake ni kudhani mjukuu ana tabia zote za babu. Kwa hiyo napenda itumike pamoja na ukingo wa jani, na majibu mawili yakigongana, hapo pana kazi ya kufanya.

Nina kipande cha sandarusi alichonipa bibi yangu, cha rangi ya asali, ndani yake mna chungu mmoja. Utomvu wa msandarusi wa pwani yetu ulikuwa bidhaa kubwa ya Unguja karne ya 19, ukitengenezewa vanishi Ulaya na Marekani. Kule Gujarat, nchi ya wafanyabiashara waliokuwa wakiununua hapa, migodi ya makaa ya Vastan imetoa kaharabu, yaani utomvu wa kale uliogeuka kama jiwe, ya miaka kama milioni 50 yenye wadudu ndani. Utomvu ule ulitoka kwenye dipterokapi, jamii ya miti mikubwa inayotawala misitu ya mvua ya Malaysia na Borneo. Jani linaoza, utomvu unabaki, na kwa kuujua mti uliotoa utomvu unaujua msitu. Kipande changu ni kichanga mno ukilinganisha na kile, lakini nikikishika mwanafunzi akakitazama juani, haulizi tena walijuaje.

Chavua, yaani vumbi la maua, sitaieleza kwa urefu. Ni njia nzuri, na tope la mikoko la Unguja Ukuu na Makoba lilisomwa hivyo, matokeo yakatoka mwaka 2013. Lakini kuitenga chavua na tope kunataka maabara na tindikali kali, nyingine inayokula hata kioo. Usijaribu nyumbani.

Kuhifadhi

Kila aina iwe na gazeti lake. Weka majani matatu ya aina moja, mawili yatazame juu na moja ligeuzwe, ili upande wa mishipa uonekane bila kulifunua. Funga kwa kamba kati ya mbao mbili. Wakati wa kaskazi magazeti ubadilishe kila siku mbili. Masika badilisha kila siku, la sivyo ukungu utakula ukingo kabla hujausoma, na ukingo ukishaliwa jani hilo halina kazi tena kwako.

Kwenye kila gazeti andika tarehe, mahali, jina la mti kama alivyolitaja aliyekuonyesha, na kama ni bondeni au juu. Andika kwa penseli. Kalamu ya wino, unyevu wa Mei unaifuta.